Shahidi wa Kilwa: Namna ya Kuyapima Maneno ya Aliyeona

Ndugu msomaji, ukutanapo katika historia na habari za mtu asemaye kwamba aliona kwa macho yake, usimsadiki upesi wala usimtupe upesi. Mwulize kwanza: hili uliliona au uliambiwa? Tena uliliandika lini? Maulamaa wa Hadithi walizoea kuwapima wapokezi hivyo karne nyingi zilizopita.

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Morocco, alisafiri baharini kutoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akawasili Kilwa. Katika siku za ukoloni walikuwapo waandishi waliodai kwamba miji ya pwani yetu ilikuwa kazi ya wageni tu. Lakini msafiri huyu, aliyetangulia miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498, aeleza kwamba wakazi wengi wa Kilwa walikuwa watu weusi wenye chale usoni, Waislamu wacha Mungu wafuatao madhehebu ya Shafii, na kwamba mji wao ulikuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Kwa hiyo yatupasa kumsikiliza kwa makini, na kwa sababu iyo hiyo yatupasa kumchunguza.

Asema kwamba mji wote ulijengwa kwa miti. Hapo mawe yanamkanusha! Uchimbaji uliofanywa Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe ulikuwapo kabla yeye hajazaliwa. Je, alidanganya? Sidhani. Kitabu chake hakikuandikwa Kilwa. Alikisimulia huko Fez, na mwandishi Ibn Juzayy akakinakili, kazi ambayo masimulizi yake yalimalizika mwaka 1355, yaani miaka 24 baada ya safari ile. Tena baadhi ya maandishi yake yalikuwa yamepotea alipoporwa baharini upande wa India. Nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, na yaelekea hizo ndizo zilizobaki katika kumbukumbu yake.

Kuhusu Sofala na njia ya dhahabu, yeye mwenyewe akiri kwamba aliambiwa na mfanyabiashara. Huo ni uaminifu, nasi tuyachukue maneno hayo kuwa habari ya kusikia.

Lakini juu ya Sultani Hasan asema waziwazi kwamba alikuwapo. Siku ya Ijumaa, Sultani alipotoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa. Mwanawe alizikomboa kwa watumwa kumi, na baba yake, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Shahidi ataja watumwa hao bila kushtuka, kama atajavyo pembe. Nalo hilo ni ushahidi juu ya zama zile, ingawa hakukusudia kuutoa.

Kisha asimulia kwamba Sultani alifariki, akarithiwa na nduguye Daud, ambaye aliwaambia waombaji kwamba aliyekuwa akitoa amekufa wala hakuacha kitu. Wakati huo msafiri wetu alikuwa ameondoka Kilwa zamani.