Dhana na Yakini katika Elimu ya Maumbile

Wako wasemao ya kuwa elimu ya maumbile ni dhana tupu. Na wako, na hawa ndio watushughulishao zaidi, ambao kila nadharia mpya itokapo huikimbilia wakaifasiria aya. Wote hawakupambanua baina ya hesabu na ushahidi.

Wataalamu wa karne ya 19 waliafikiana ya kuwa nuru husafiri ndani ya kitu kiitwacho etha, kilichojaa angani kote. Mwaka 1887 Michelson na Morley, huko Marekani, waliutafuta upepo wake kwa chombo chao, wasiupate. Na baadaye etha ikaachwa. Ijmaa yao haikuwa hoja. Aliyekwisha kuifungamanisha aya na etha angewajibu nini wanafunzi wake?

Mwaka 1915 Einstein alitimiza hesabu zake: mwali wa nyota upitao kandoni mwa jua hupindika maradufu ya vile itoavyo hesabu ya Newton. Uzuri wa hesabu haukutosha. Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, Waingereza walipiga picha za nyota Sobral, nchini Brazil, na kisiwani Príncipe. Nyingine zilitoka mbovu, watu wakabishana. Hata mwaka 1922 Wamarekani wakapima tena Australia, wakapata yaleyale.