Mlango Usio na Kiingilio

London ni mji mkuu wa Uingereza, na maisha ya humo ni ghali. Kodi ya nyumba, chakula na nauli humaliza mshahara wa mfanya kazi. Basi siku ya mapumziko, watoto wakitaka kutembezwa, baba asiye na fedha atawapeleka wapi?

Zamani palikuwa na tabibu mmoja, jina lake Hans Sloane, aliyekusanya vitabu, mimea na vitu vya kale zaidi ya 71,000. Alipokufa mwaka 1753 aliviusia kwa taifa, nalo likawalipa warithi wake paundi 20,000. Ndivyo ilivyoanzishwa nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum, ikafunguliwa mwaka 1759 bila kiingilio.

Mwaka 1881 nyumba ya pili ilifunguliwa kwa ajili ya wanyama na mimea. Humo kimetundikwa kiunzi kizima cha mifupa ya nyangumi, urefu wake mita 25.

Leo kuingia nyumba hizo mbili ni bure. Mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri hupita mlango mmoja, wakamtazama nyangumi yule yule.

Maswali
1. Hans Sloane aliusia nini?
2. Kiingilio kikitozwa, ni nani atakayebaki nje?