Kuhesabu kwa Mdomo na Kuhesabu kwa Mkono

Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" tumeisikia hata imechakaa. Hapa kwetu Athi River wazazi wengi huifasiri hivi: mtoto wa miaka minne apewe daftari, penseli na kazi ya nyumbani. Mimi naona samaki huyo wanamvunja, hawamkunji.

Ndugu yangu mdogo yuko PP1 katika chekechea moja karibu na ploti yetu. Jioni moja alitutolea hesabu ya Kiingereza: wani, tuu, thrii, mpaka ishirini, bila kukosea. Mama akapiga makofi. Mimi nikamwaga vizibo vya soda sakafuni, nikamwomba kwa Kiingereza hicho hicho anipe vitano. Akanitazama tu. Niliporudia, akakumba fungu zima akanitilia mkononi. Kwa Kiswahili nilipomwomba vitatu, alinipa vitatu barabara. Vitano vilimshinda kidogo, akaleta sita.

Basi hapo pana mambo mawili tofauti. La kwanza ni kukariri majina ya namba kama wimbo. La pili ni kufahamu kwamba jina la mwisho ulilotaja ndilo idadi ya vitu vyote, na hili watoto wengi hulipata taratibu, wakikaribia miaka minne au wakiipita. Halipatikani ubaoni. Hupatikana kwa kushika, kugawa na kupanga. (Kiswahili nacho kina vituko vyake: vizibo vitatu, watu watatu, miti mitatu, lakini sita, saba na tisa hazibadiliki!)

Jaribu na mdogo wako. Panga mistari miwili ya vizibo sita sita, mmoja chini ya mwingine. Atakubali kwamba ni sawa. Kisha tanua mmoja mbele ya macho yake. Wengi wa miaka minne watasema mrefu una vingi zaidi. Mswisi Jean Piaget ndiye aliyelitangaza jambo hili. Usimcheke mtoto; si mjinga, akili yake bado inafuata macho.

Sasa, kwa nini tunamfundisha kwa lugha asiyoijua? Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Kule vijijini Machakos hiyo ni Kikamba, hakuna ubishi. Lakini Athi River ni mji wa viwanda. Kuna saruji, kuna kiwanda cha nyama cha KMC, na baada ya sheria ya EPZ ya 1990 zikaja nguo. Wafanyakazi wametoka kila pembe ya nchi. Katika ploti yetu kuna Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Waluhya na familia moja ya Kimaasai, na watoto wote wakicheza kalongolongo uani husemezana Kiswahili. Lugha ya mahali, kwetu, ni hiyo.

Mama ana hoja yake, nami siidharau. Ati shule anayoitazamia humhoji mtoto kwa Kiingereza kabla ya kumpokea, na akishindwa karo yote ya chekechea imepotea bure. Mzazi anayeingia kiwandani alfajiri hana nafasi ya kubishana na mwalimu mkuu. Tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na mtaala wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa kucheza. Lakini mtaala haukai pale mlangoni siku ya mahojiano. Mama ndiye anayekaa.

Tulipatana hivi: Kiingereza cha nyimbo aendelee nacho, na jioni tufungue duka. Vizibo ndizo pesa, mawe ndiyo viazi. Jana alinirudishia chenji ikiwa pungufu kizibo kimoja. Nilipolalamika, alihesabu upya kwa kidole, polepole, akanijibu kwamba hicho kimoja ni cha mfuko.