Homa ya Likizo ya Desemba

Kila mwaka mwezi wa Januari, kama juma la pili baada ya shule kufunguliwa, chumba cha wagonjwa cha shule yetu hujaa. Wenzetu wa Bugarama hulala siku mbili wakaamka. Lakini wale wa milima ya upande wa Nyungwe, waliokwenda kuwatembelea jamaa zao huko bondeni wakati wa likizo, hulala juma zima, na wengine huchukuliwa hospitali. Ndipo maneno huanza: ati ni maji ya shule, ati ni maembe ya Bugarama, ati ni uji wa asubuhi. Uji una makosa yake, sikatai, lakini hili si lake. Basi, ndugu wasomaji, nataka kueleza jambo hili lilivyo, maana likizo nyingine inakuja.

Wazee wetu huugawa mwaka mara nne. Umuhindo ni mvua ya Septemba hata Desemba. Urugaryi ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Itumba ni mvua kubwa ya Machi hata Mei. Na Impeshyi ni kiangazi kirefu cha Juni hata Agosti. Mtu aliyezoea kazi ya kituo cha afya akiitazama kalenda hii tu, ajua ni dawa gani itakayotakiwa zaidi mwezi ujao. Malaria katika Rwanda hupanda mara mbili kwa mwaka, Mei na Juni, tena Novemba na Desemba. Angalia vizuri: haipandi mvua inapoanza, hupanda mvua inapokaribia kwisha. Kwa nini?

Tufanye hesabu. Mvua ikinyesha, maji hutuama katika mashimo, katika nyayo za ng'ombe na katika majaruba ya mpunga. Mbu jike aitwaye Anofelesi hutaga mayai humo, na toka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni siku 10 hata 14. Mbu huyo mpya hana ugonjwa. Yampasa kwanza amwume mtu mwenye vijidudu vya malaria katika damu, na vijidudu hivyo vikomae ndani ya mwili wake kabla hajaweza kumwambukiza mtu wa pili. Tena huyo mtu wa pili hajisikii homa siku ileile. Hukaa siku 7 hata 14, pengine zaidi. Jumlisha, utaona mwezi umepita na kitu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeumwa na mbu nyumbani baada ya Krismasi hurudi shuleni mzima, akacheza mpira, akaanguka darasani katikati ya Januari. Maji ya shule yanasingiziwa bure.

Sasa habari ya Bugarama na milima. Uso wa Ziwa Kivu uko juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi. Mto Rusizi hutoka ziwani ukateremka kwenda Tanganyika, na pale unapouaga Rwanda ndipo mahali pa chini kuliko pote katika nchi yetu, mita 950 hivi. Kila aliyesafiri kwa basi kutoka Kamembe kwenda Bugarama ajua jinsi koti linavyovuliwa njiani. Joto hilo ndilo lenye kuamua. Vijidudu vya aina ya falsiparamu, ambavyo ndivyo vingi kwetu, vikiwa ndani ya mbu penye joto la digrii 25 hukomaa kwa siku 12 hivi. Penye digrii 20 huhitaji siku 28 hivi, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo. Chini ya digrii 16 havikomai kabisa. Ndiyo maana mbu wa mlimani aweza kukusumbua usiku kucha asikupe homa, na ndugu yake wa bondeni akuguse mara moja ikatosha. Na majaruba ya Bugarama hushika maji muda mrefu, hata mvua ikiwa imepungua.

Mtu aliyekulia Bugarama ameumwa mara nyingi tangu utoto, na mwili wake umejifunza kupigana kidogo. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo. Kwa hiyo mgeni wa mlimani akisikia homa asimwige mwenyeji anayesema, "Ni kihoma tu, kitapita." Kwa mwenyeji mtu mzima pengine kitapita. Kwa mgeni, na kwa mtoto mdogo popote alipo, chaweza kuua kwa muda wa siku chache.

Hili nimeliona nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa miaka minne alishikwa na homa, na jirani mmoja kwa wema wake akanunua vidonge katika duka moja. Muuzaji hakupima kitu, akampa vidonge vya siku moja, fedha zilipokoma. Homa ikashuka, mtoto akacheza. Siku ya nne ikarudi, na alfajiri akapata degedege. Walikuwapo watu wa kusema ni mambo ya mashetani, aitwe mtaalamu. Mama hakuwajibu. Alimfunga mtoto mgongoni akampelekea mshauri wa afya wa kijiji, naye alipoona degedege hakukawia, akawatuma mbele mara moja. Kituoni alipigwa sindano ya artesunate. Leo yuko darasa la pili, na ni mtundu kupita kiasi.

Huyo mshauri wa afya, tunayemwita umujyanama w'ubuzima, yafaa kila mwanafunzi ajue nyumba yake kabla ya kuugua. Yumo katika kila kijiji, naye huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hutoboa kidole, hutia tone la damu juu ya kipimo kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 jibu hupatikana. Zamani waliwatibu watoto wa chini ya miaka 5 tu, siku hizi huwatibu hata watu wazima. Yakimshinda hukutuma kituo cha afya, na kituo kikishindwa hukutuma hospitali ya wilaya. Kwetu ziko mbili, Gihundwe na Mibilizi. Mgonjwa asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepayuka, mwenye degedege au mkojo mweusi, asingoje zamu ya mtu: piga 912, ambayo ni simu ya gari la wagonjwa.

Na mituweli je? Mwaka wake huanza tarehe 1 Julai, siku ambazo sisi tunawaza likizo kuu tu. Ninyi mliomaliza shule na kupata kazi, kumbukeni wazee wenu nyumbani kabla ya tarehe hiyo. Mtu asiye na mituweli huona haya kwenda kituoni, hungoja, na katika malaria kungoja ndiko kubaya.

Dawa ya kawaida ya malaria isiyo kali ni ile watu waiitayo Coartem. Mtu mzima humeza vidonge 24, vinne kila mara, mara 6 kwa siku 3. Mara ya pili ni baada ya saa 8. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo mwili hauipokei vema; sambaza za kukaanga zafaa sana. Mtu akiacha katikati kwa sababu kichwa kimepona, vijidudu vyenye nguvu ndivyo vinavyobaki. Na hili si tishio la mwalimu: mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika Rwanda wameonekana vijidudu vilivyoanza kuizoea artemisinini, ambayo ndiyo nguvu ya dawa hiyo. Kabla yake tulikuwa na klorokwini, ikachakaa. Kabla ya hiyo kwinini, itokanayo na magamba ya mti wa sinkona uliopandwa hata ng'ambo yetu, katika vilima vya Bukavu. Hatuna dawa nyingi za kuchezea.

Juu ya chandarua nitasema kidogo, maana kila mtu amekwisha kuambiwa. Anofelesi huuma usiku. Utamtambua anapotua ukutani, huinua mkia juu kama anayetaka kusimama kwa kichwa. Chandarua kilichofunikia kuku au kuvulia samaki hakimzuii. Na mashimo ya maji karibu na nyumba yafukiwe siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, badala ya kusimama na jembe tukizungumza.

Mvua ina ugonjwa wa pili, nao ni wa tumbo. Maji ya mvua hupita vyooni yakaingia vijitoni, na kipindupindu ni mwenyeji wa zamani wa pande hizi za Kivu. Mtu akiharisha maji matupu, kinachomwua ni kukauka. Mpeni chumvi ya pakiti katika lita moja ya maji safi; isipokuwapo, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko katika lita hiyohiyo, anywe kidogo kidogo njiani kwenda kituoni. Wanaovuka madaraja ya Rusizi ya Kwanza na ya Pili kwenda sokoni Bukavu walijifunza kunawa mikono mwaka 2019, Ebola ilipofika Mwenga katika Kivu ya Kusini. Ndoo zile zilikuwa na faida kwa kipindupindu vilevile.

Impeshyi huleta vumbi, na kila mtu hukohoa, hasa karibu na barabara. Kikohozi cha vumbi na cha mafua huisha chenyewe. Kile kinachopita majuma mawili, mtu akikonda na kutoka jasho usiku, aende kituoni atoe makohozi yapimwe. Kipimo hicho na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, mwenye mituweli na asiye nayo.