MGENI MPE JEMBE: Somo juu ya Vijana Wanaojitolea Ng'ambo



Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Shuleni tulizoea kuzifundisha kama methali zinazopingana, moja yamkaribisha mgeni na nyingine yamchosha. Lakini tukizisoma pamoja tutaona kwamba zasema neno moja. Mwenyeji hapati nafuu kwa mgeni akaaye barazani akitazama. Hupata nafuu kwa mgeni aliyeshika jembe, tena jembe alilopewa na mwenyeji mwenyewe, katika shamba alilooneshwa na mwenyeji.

Twaanza hivi kwa sababu vijana wawili wa parishi yetu wameomba barua za kuwatambulisha, ili waende Ujerumani kwa mwaka mmoja kufanya kazi ya kujitolea katika nyumba za watu wenye ulemavu. Wazazi wametuuliza maswali mengi. Je, ni ajira? Watarudi na nini? Na kwa nini waende mbali hivyo kuwatunza wagonjwa wa watu? Tumeona yafaa tujibu kwa utaratibu.

1. KAZI HII ILIANZAJE?

Kujitolea ng'ambo ni kijana kutoka katika nchi yake na kwenda kuishi katika nchi nyingine kwa muda, aghalabu usiozidi mwaka, akifanya kazi ya manufaa bila mshahara. Hupewa mahali pa kulala, chakula, bima na fedha kidogo za mfukoni. Kwa hiyo mzazi asitazamie nyumba ya bati kutokana na safari hiyo.

Mwanzo wake mmojawapo ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, mhandisi Pierre Cérésole, alikusanya kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun kilichokuwa kimebomolewa na mizinga. Walikusudia kujenga pamoja walichobomoa maadui. Kazi ile ilikoma mwaka uliofuata, kwa kuwa uchungu wa vita ulikuwa haujapoa, na kuwaona Wajerumani kijijini hakukuwa jambo jepesi. Hapa twajifunza kwamba hata kazi njema yahitaji ridhaa ya mwenye shamba. Hata hivyo mbegu ilibaki, na kutoka kambi ile kilizaliwa chama cha Service Civil International, ambacho kingali hai.

Huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha chama cha VSO mwaka 1958. Hapo mwanzo walipeleka vijana waliotoka tu shuleni. Baadaye chama kikageuka, kikapeleka zaidi watu wenye ujuzi wa kazi, maana nchi zilizowapokea zilitaka walimu na mafundi, si nia njema peke yake.

Siku hizi Umoja wa Ulaya una mpango wake uitwao European Solidarity Corps, uliozinduliwa mwaka 2016, ambao huwachukua vijana wa miaka 18 hadi 30 kwa muda usiozidi miezi 12. Jambo la kuangaliwa ni hili: kijana mwenye ulemavu naye aweza kwenda, na gharama za msaada anaouhitaji hutolewa. Huko Marekani, chama cha Mobility International USA, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimewasafirisha watu wenye ulemavu kwenda nchi nyingine na kuwapokea wengine. Mwanzilishi wake mmoja, Susan Sygall, mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Basi tusidhani kwamba katika kazi hii mzima ndiye atoaye siku zote, na mwenye ulemavu ndiye apokeaye.

Ujerumani ilianza mpango wake wa weltwärts mwaka 2008. Vijana wa Kijerumani wakaja kwetu Tanzania na katika nchi nyingine nyingi. Tangu mwaka 2013 njia ilifunguliwa upande wa pili pia, vijana wa kwetu wakaanza kwenda kwao. Hiyo ndiyo njia waliyoiomba vijana wetu wawili.

2. NYUMBA ILIYOFUNGULIWA WAKATI WA VITA

Ili tuelewe maana ya kuishi na watu wenye ulemavu, wala si kuwahudumia tu, tutazame mfano mmoja.

Karl König alikuwa daktari, aliyezaliwa Vienna mwaka 1902 katika jamaa ya Kiyahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 alilazimika kukimbia, akapata kimbilio Uskoti. Vijana waliokuwa wakijifunza kwake wakamfuata. Mwaka 1939 walianza kuwatunza watoto wenye ulemavu wa akili katika nyumba ndogo, na punde wakapata nyumba kubwa zaidi iliyoitwa Camphill, karibu na mji wa Aberdeen. Lakini kabla ya kuhamia, wanaume wao walikamatwa na serikali ya Uingereza, kwa kuwa kwa uraia wao walihesabiwa kuwa watu wa upande wa adui. Wanawake hawakungoja. Tarehe 1 Juni 1940 walihamia Camphill bila waume zao, wakaendelea na kazi.

Tukumbuke mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Katika Ujerumani ya Wanazi serikali ilikuwa imeanza kuwaua watu wenye ulemavu kwa gesi. Mpaka Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa hivyo, na kuua kuliendelea kwa njia nyingine hata baadaye. Walihesabiwa kuwa ni vinywa vinavyokula bure. Wakati huo huo, wanawake wachache wakimbizi, wasio na mali wala lugha nzuri ya nchi, walikuwa wakitandika vitanda na kupanga viti mezani kwa ajili ya watoto wa namna ile ile.

Desturi ya Camphill ilikuwa watu wote wa nyumba kula meza moja na kufanya kazi pamoja, katika bustani, katika kuoka mikate na katika kufuma nguo. Vijana kutoka nchi nyingi wamekuwa wakienda kukaa nao mwaka mmoja mmoja. Leo ziko jumuiya zaidi ya 100 za jina hilo katika nchi zaidi ya 20, na katika Afrika ziko Afrika Kusini na Botswana.

Wako wanaouliza kama ni vema watu wenye ulemavu wawe na vijiji vyao pembeni. Swali hilo ni la haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, wasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, sawasawa na wengine. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Basi jembe li mkononi mwa mwenyeji, naye ndiye aamuaye alitoe wapi na kwa nani.

3. ALIYOYAONA KIJANA WETU

Kijana mmoja wa hapa petu alikwenda Ujerumani mwaka 2018. Aliporudi alitusimulia habari ya kisu cha siagi.

Katika nyumba aliyopangiwa alikuwako mzee mmoja ambaye mikono yake hutetemeka sana. Asubuhi ya kwanza kijana alimwona mzee akihangaika kupaka siagi kwenye mkate. Kwa malezi yetu, kijana hamwachi mzee ataabike. Akauchukua mkate, akaupaka vizuri, akamrudishia. Mzee akausukuma kando, asile. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu mama msimamizi alimwambia kijana akae tu, anywe chai yake. Mzee alipaka siagi kwa karibu nusu saa, nyingine ikaanguka mezani, kisha akakata kipande cha mkate ule na kumpa kijana.

"Ndipo nikaelewa," alituambia, "kwamba siku mbili zile nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake."

Baadaye mzee yule akawa mwalimu wake wa Kijerumani. Kila jioni alikuwa akionesha kitu na kukitaja, kijiko, dirisha, theluji, na kijana akikosea mzee alikuwa akicheka na kurudia polepole. Kijana alikuwa na cheti cha kidato cha sita, na mzee hakuwahi kufaulu mtihani wowote, lakini mezani pale kila mmoja alijua nani mwalimu na nani mwanafunzi.

4. MAKOSA YA KUEPUKA

Si kila safari huwa njema. Wako vijana wa nchi tajiri waliokwenda nchi maskini wakajenga kuta ambazo mafundi wa mahali hapo walizibomoa na kujenga upya. Wako waliokwenda katika nyumba za watoto yatima kwa majuma mawili matatu, watoto wakawazoea, kisha wakaondoka, na wengine wakaja na kuondoka vivyo hivyo. Pengine watoto wenye wazazi wamewekwa katika nyumba hizo ili kuvuta fedha za wageni. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara hayo.

Kwa hiyo, kabla kijana hajaondoka na kabla sisi hatujampokea mgeni, tuulize mambo manne:

(a) Nani ameomba kazi hii ifanywe? Je, wenye ulemavu wenyewe waliulizwa?
(b) Kijana ataanza lini kujifunza lugha, ikiwamo lugha ya alama kama atakaa na viziwi?
(c) Nani atamwongoza, na nani atamlipia bima na nauli? Dalali anayedai fedha nyingi mapema tumwogope.
(d) Je, atapiga picha za watu bila kuwaomba ruhusa? Akisema ndiyo, abaki nyumbani.

5. NA SISI JE?

Kijana wetu alipomaliza kusimulia, alitugeukia akauliza, "Mwalimu, wale wa kwetu wako wapi?" Hatukuwa na jibu la haraka. Jibu tulilokuwa nalo tulilijua tangu mwaka 1986, na ni la aibu.

Mwaka huo tulikuwa walimu vijana, tukiandikisha watoto wa darasa la kwanza. Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imetangazwa tangu mwaka 1977, na neno hilo "wote" tulilihubiri katika kila mkutano wa wazazi. Akaja mama mmoja amembeba mgongoni binti wa miaka saba. Binti hakuweza kutembea, na maneno yake yalitoka kwa shida. Tulimtazama, tukamwambia mama, "Huyu hana akili ya shule. Utamtesa bure." Hatukumwuliza binti hata jina lake. Mama alisema, "Haya, Mwalimu," akageuka na kurudi alikotoka. Jina lile halikuandikwa katika daftari letu, na jioni tulipeleka taarifa kwamba watoto wote wa kitongoji kile wameandikishwa.

Baada ya swali la kijana tulikwenda pamoja naye mpaka nyumbani kwa mama yule. Tulimkuta, mzee sasa. Binti alikuwa ameketi mkekani akisuka ukili, naye ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Tulimwomba mama radhi kwa lile la mwaka 1986. Mama alinyamaza. Binti ndiye aliyesema, polepole, na ilitupasa kungoja kila neno:

"Mwalimu, siku ile mimi nilikuwa nasikia."

Hatuna la kuongeza juu ya neno hilo. Kwa miaka yote tulikuwa tumefikiri kwamba tulizungumza na mama yake.

Tulipouliza twaweza kufanya nini, hakuomba fedha. Alitaka mambo mawili. Kwanza, afundishwe kusoma. Pili, apate njia ya kuingia kanisani bila kubebwa kama gunia, maana mlango wetu mkubwa una ngazi. La kwanza tumelianza. Kijana humfundisha siku ya Jumatano, na sisi siku ya Jumamosi, na yeye amemfundisha kijana kusuka ukili, ingawa asema mikono yake ni mizito. La pili lawahusu wasomaji wote.

Basi, wazazi waliouliza vijana watarudi na nini, jibu letu ni kwamba wakijifunza vema watarudi na swali, na swali lile litatusumbua. Tuwape barua zao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu, ni nani mwenye ulemavu ambaye hamjamwona hadharani mwaka huu? Nani atakwenda kumwamkia yeye mwenyewe, si jamaa zake tu?
2. Je, umewahi kumsaidia mtu kwa namna iliyomnyang'anya kazi yake? Ilikuwaje?
3. Kuondoa ngazi za mlango mkubwa na kuweka mteremko kwahitaji mifuko mingapi ya saruji na siku ngapi za kazi? Mafundi waje na hesabu. Mteremko uwe wa namna gani, tutamwuliza yeye atakayeutumia.