Usitengeneze mlango kabla ya PV

Mtu wa Kinsevere, hapa Kongo, akiamka na kukuta kadenas imekatwa, redio na mfuko wa unga havipo, anachokimbilia kwanza ni kuziba tundu. Anaita fundi, anabadilisha kitasa, anapigilia manjanja upya, ndipo anakwenda polisi. Akifika anasema neno moja: "Nimeibiwa." Kwa neno hilo ameiacha nusu ya kesi nyumbani.

Kanuni ya adhabu ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inaanzia kwenye wizi wenyewe. Kifungu cha 79 kinasema ni kuchukua kwa hila kitu kisicho chako. Ukifanyika bila nguvu wala vitisho, kifungo hakizidi miaka 5. Kinachokipandisha hadi miaka 10, katika kifungu cha 81, ni njia au saa: mwizi amevunja, amepanda ukuta, ametumia funguo za bandia, au ameiba usiku katika nyumba inayokaliwa na watu, pamoja na vijumba vinavyoambatana nayo ndani ya lupango.

Kwa hiyo mwambie OPJ, yaani afisa wa upelelezi, mlango ulikuwaje ulipolala na ulikuwaje ulipoamka. Kadenas iliyokatwa itie mfukoni uende nayo. Tundu la ukutani lipige picha kwa simu. Taja saa, na taja nani alilala humo, maana nyumba inayojengwa bado, isiyo na mtu, haibebi hoja ya usiku. Hapo unabaki na kuvunja tu. Kisha usikilize PV, yaani maandishi rasmi ya maelezo yako, ikisomwa kabla ya kutia sahihi. Kama hukusikia neno "effraction", yaani kuvunja, uliza.

Kifungu hichohicho cha 81 kinamgusa anayebisha hodi akijiita polisi, au akidai ametumwa na serikali, kisha akaondoka na mali. Wewe mwenyewe ulimfungulia mlango, lakini bado ni hadi miaka 10.

Na aliyeingia akatoka mikono mitupu? Uingereza, kwa sheria yao ya wizi ya 1968, kuingia jengo la mtu bila ruhusa kwa nia ya kuiba kunatosha; kosa limekamilika kizingitini. Kwetu kuna njia mbili. Jaribio la wizi, kwa kifungu cha 4, linaadhibiwa sawa na wizi wenyewe, ila nia lazima ithibitishwe. Nia ikikosa ushahidi, kifungu cha 69 kinaadhibu kuingia kwa kuvunja katika makao ya mtu, hata kama hakuna kilichoguswa.

Mkimkamata mwizi papo hapo, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inamruhusu raia yeyote kumshika na kumpeleka mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Kumshika na kumpeleka, basi. Tairi na petroli za kumchoma havimo humo, na anayevileta ndiye mshtakiwa anayefuata. Mwizi naye akipiga watu ili atoroke na mzigo, wizi wake unahesabiwa kuwa wa nguvu: miaka 5 hadi 20. Akiwa na silaha, kitabu kinataja kifo.

Redio yako ikionekana sokoni, usiinunue kimyakimya. Rudi kwa OPJ na namba ya PV: aliyeipokea akijua imeibwa ana kifungo chake, hadi miaka 5.