Gari Jipya Linalorudi Gereji Kila Mara



Somo la leo linawahusu wale walionunua gari la kikundi, na wale walio mbioni kununua. Wengi wenu mmechanga miaka mitatu au minne, mkauza mayai, mkauza maziwa, mkakopa kiasi kilichopungua, na hatimaye pikapu ikafika nyumbani kwa vigelegele. Halafu mwezi wa pili inaanza kuzima njiani. Mnaipeleka kwa aliyewauzia, inatengenezwa, inarudi. Wiki mbili hazijaisha, imezima tena. Kikundi kifanye nini?

Tutumie mfano wa kikundi kimoja cha wafugaji tunachokitembelea. Jina lao hatutaji, wala la kampuni, maana shida hii si yao peke yao. Walinunua pikapu mpya ya kupeleka maziwa kiwandani. Waranti ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Katika miezi 5 gari lilirudi gereji ya kampuni mara 4 kwa ugonjwa ule ule: likipanda mlima na mzigo, injini inapoteza nguvu kisha inazima. Kila likisimama, maziwa yanachacha kwenye mitungi, na akina mama waliokamua saa kumi za usiku wanarudishiwa maziwa ya kupikia mala.

Mara ya nne mwenyekiti alikwenda mwenyewe. Akaambiwa, "Mzee, gari ni nzima. Dereva wenu ndiye hajui kuendesha." Na tena, "Kwa rekodi yetu mmekuja mara moja tu." Katibu alipotafuta karatasi nyumbani, alipata moja. Zile safari nyingine tatu dereva aliacha ufunguo kwa askari wa geti, jioni akachukua ufunguo, akaenda zake. Hakuna kilichoandikwa.

Hapo ndipo madai mengi hufia. Gari bovu lina haki nyingi za kulitetea, lakini haki hizo zinahitaji karatasi za kuzishika mkono.

WARANTI NA SHERIA NI VITU VIWILI

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba kitu fulani kikiharibika ndani ya muda fulani, atakitengeneza bila malipo. Kwa kuwa ni ahadi yake, ina masharti yake. Isomeni yote kwenye mkutano, mstari kwa mstari, kabla ya kulipa. Kwa kawaida haihusu matairi, breki zilizolika wala klachi iliyochomeka. Inataka sevisi ifanywe kwa wakati, katika gereji wanayoikubali. Mkimpa fundi wa jua kali afungue injini, hata kama ni mjomba wa mweka hazina na ni fundi hodari, mmewapa sababu ya kuwakatalia. Na lile jambo la kuongeza majani ya springi nyuma ili gari libebe zaidi ya ilivyoandikwa, tunawaomba mliache.

Lakini waranti ikinyamaza, sheria hainyamazi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imekuwapo Kenya tangu 1931. Inasema kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo inafaa kuuzwa sokoni kama bidhaa ya aina hiyo, hata kama hakutamka neno. Tena, ukimweleza unataka kitu kwa kazi gani, na ukategemea ujuzi wake akuchagulie, kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Kwa hiyo siku ya kununua msiingie dukani na kusema tu, "Tupatie ile pikapu ya aina fulani." Mkitaja jina la aina peke yake, kinga hii ya pili inaweza kuwaponyoka. Semeni, na muandike: tunataka gari la kubeba kilo mia nane za maziwa kila siku, barabara ya murram, yenye milima. Wewe unatushauri lipi?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kuelezwa yale anayohitaji kujua, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu bidhaa ina kasoro. Ikafuata Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Hiyo inabatilisha yale maandishi madogo yanayosema muuzaji hahusiki na lolote. Hata hivyo haimlindi anayenunua kitu ili akiuze tena, wala anayekitumia kutengenezea bidhaa za kuuza. Kikundi kinachofanya biashara na gari lake kiulize wakili kama kinaingia humo. Ile sheria ya zamani haichagui hivyo.

Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria ya kwanza ya magari mapya yasiyopona. Wenyewe huyaita magari hayo malimau. Kwa sheria hiyo, gari likitengenezwa mara 4 kwa kasoro ile ile bila kupona, au likikaa gereji jumla ya siku 30, mwenye gari anaweza kudai jipya au pesa zake. Kwetu Kenya hakuna idadi iliyoandikwa namna hiyo. Kwa hiyo kuhesabu ni kazi yenu.

KUHESABU KWA KARATASI

Kila mara gari linapoingia gereji, dereva asitoke bila nakala ya kadi ya kazi. Iwe na tarehe, kilomita zilizosomwa, na malalamiko kwa maneno yenu ninyi. Wakiandika "sevisi ya kawaida" nanyi mmelalamikia injini kuzima, msitie sahihi, waombeni wasahihishe. Siku ya kulichukua, ombeni waandike walichopata na walichobadilisha. Kama hawakupata kitu, waandike hivyo pia, maana hiyo nayo ni habari.

Nyumbani katibu awe na daftari moja la gari. Humo aandike siku ambazo halikufanya kazi, lita zilizochacha, na pesa zilizolipwa kukodi gari lingine, pamoja na risiti. Neno "tumepata hasara kubwa" halimsaidii hakimu. Lita 210 tarehe fulani, kwa bei ya kiwanda siku hiyo, zinamsaidia.

Mara ya pili ugonjwa ule ule ukirudi, andikeni barua. Msingoje ya nne. Kikundi tulichotaja kiliandika hivi, nanyi mnaweza kubadilisha maneno:

"Kwa Meneja. Tulinunua kwenu pikapu iliyotajwa hapo juu. Tumeirudisha mara 4 kwa kasoro moja: injini hupoteza nguvu na kuzima ikipanda mlima. Kasoro haijapona. Hatukubali kwamba gari hili liko katika hali tuliyolipia. Tunaomba ndani ya siku 14 mtupatie gari lingine la aina hiyo, au mturudishie pesa zetu, au mtupe kwa maandishi sababu ya kukataa. Gari likiendelea kuwa kwetu, haina maana kwamba tumelikubali. Tumeambatisha nakala za karatasi."

Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwenu. Karatasi za zile safari tatu zilipatikanaje? Katibu aliomba kwa barua historia ya gari kwenye kompyuta ya gereji, na zilikuwemo zote nne.

Mtauliza, kwa nini ile sentensi ya mwisho kuhusu kukubali? Kwa sababu sheria inatofautisha kulikataa gari na kudai fidia. Mnunuzi akikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Baada ya hapo anaweza kudai fidia ya hasara, lakini kurudisha gari lenyewe kunakuwa kugumu sana. "Muda wa kutosha" haukutajwa kwa siku. Basi uvumilivu wetu wa kijijini, wa kusema tuwape nafasi moja tena, una gharama yake. Wapeni nafasi hiyo, lakini kwa maandishi.

Kama kasoro ni ya breki au usukani, gari lisimame. Mwiteni muuzaji alichukue mahali lilipo. Hakuna mtungi wa maziwa unaolingana na maisha ya dereva.

MKOPO NA GARI KUUKUU

Msiache kulipa mkopo kwa hasira. Mkataba wa benki ni mwingine na wa muuzaji ni mwingine. Benki itachukua gari na kuliuza, nanyi mtabaki na kesi bila gari.

Kwa gari lililotumika mambo ni mengine. Mtu binafsi anayeuza gari lake si mfanyabiashara wa magari, na ile ahadi ya ubora haimfungi. Hata kwa mfanyabiashara, mkishalikagua, kasoro ambayo ukaguzi ule ungeionyesha ni yenu. Lipieni fundi wa kweli alikague kabla, na ahadi ya mdomo ya "miezi mitatu sina wasiwasi" iingie kwenye mkataba.

PA KWENDA

Anzeni na meneja, kisha makao makuu ya kampuni. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea bila wakili. Maziwa yaliyochacha na nauli za kukodi magari zinaweza kutosha humo. Bei nzima ya pikapu mpya haitoshi. Hiyo ni ya mahakama ya hakimu, na hapo tafuteni wakili. Madai ya mkataba yana kikomo cha miaka 6.

Kikundi chetu cha maziwa hakikufika mahakamani. Baada ya barua, kampuni ilituma fundi apande nao mlima na mzigo. Gari lilizima mbele yake. Walibadilisha pampu ya mafuta yote, wakaongeza waranti ya pampu hiyo kwa maandishi, na wakalipa sehemu ya gharama za kukodi. Maziwa hawakuyalipa. Wanachama bado wanabishana kama wangeendelea kudai.

YA KUJADILIANA KWENYE MKUTANO

Karatasi za gari lenu ziko kwa nani, na asipokuwepo nani anajua zilipo? Jina kwenye risiti ni la kikundi kama lilivyo kwenye cheti, au ni la mtu mmoja? Na kama mngekuwa kikundi kile, mngekubali malipo nusu?